Alama za Huruma Sizitaki

Kirushya, Jumapili alasiri

Jenitha mwanangu,

Sanduku umelifunga vizuri kuliko ambavyo ningelifunga mimi, na chandarua nimeona umekiweka juu, kwa hiyo kuhusu safari ya kesho sina la kukuambia. Una miaka ishirini na mitatu. Kupika unajua, kufua unajua, na mwanamume anayekuita mchumba kabla hajajua jina la baba yako unajua pa kumpeleka. Hayo yote nayaruka. Sasa hivi uko kwa shangazi yako unaaga, na jinsi nimjuavyo wifi yangu hatakuachia mpaka ushibe mara mbili. Mimi nimekuja kwenye kituo changu cha watoto. Nimekaa kwenye benchi la watoto, magoti yanakaribia kidevu, naandika. Nyumbani nisingeweza, maana baba yako angeniuliza naandika nini, ningemwambia, naye angesema, "Mwache mtoto aende na moyo mweupe."

Mimi sitaki uende na moyo mweupe. Nataka uende na hasira kidogo, na nitakueleza kwa nini.

Juzi tulipokuwa tunachambua maharage uliniambia jambo, ukadhani nimelipuuza kwa sababu nilinyamaza. Ulisema kwamba huko kwenye mradi, kabla hamjapangiwa vituo vya watoto vya kutathmini, mkubwa wenu aliwakalisha akawaambia msiwe wakali. Kwamba vituo vingi vikipata alama za chini, mradi mzima utaonekana umeshindwa. Ukasema, "Mama, mimi ni mgeni pale. Nitaandika wanavyotaka mpaka nizoee." Kisha ukaendelea kutupa vijiwe vya kwenye maharage kana kwamba umesema habari za mvua.

Nilinyamaza kwa sababu ningefungua mdomo ningekugombeza, na siku zilikuwa zimebaki mbili tu. Nilinyamaza pia kwa sababu maneno yale nayajua. Niliwahi kuyasema mimi, kwa mdomo huuhuu, na aliyeumia kwa sababu ya maneno hayo alikuwa mtoto wa miaka minne.

Unamjua Deusi, mjukuu wa Bibi Yuliana. Unajua hasikii sikio la kulia, na kwamba hata sasa kidato cha nne anakaa mwisho wa benchi, upande unaoelekeza lile sikio zima ubaoni. Umekua ukisikia kwamba aliugua. Leo nakuambia aliuguaje.

Kituo kilipoanza wewe ulikuwa hujaingia shule. Kijiji kilitoa banda hili, lililokuwa la kuhifadhia maharage, na mkutano ukanichagua mimi niwe mlezi. Sifa zangu zilikuwa darasa la saba na sauti kubwa. Siku hiyohiyo watu wakaanza kuniita Mwalimu, na sikudanganyi, nililipenda hilo jina. Nilikuwa nikipita na jembe begani, mtu ananiamkia "Shikamoo Mwalimu," nasimama nisikie vizuri.

Ulipokuwa darasa la tatu ikaja barua kwamba wageni watapita kuangalia ubora wa vituo. Neno hilo ubora lilitutia homa. Mwenyekiti wa kamati ya kituo alikuwa Mzee Stafodi, yuleyule wa mpaka leo, na kamati ikakaa humu ndani siku tatu kabla ya wageni. Hakuna aliyeuliza watoto wetu wanaishije humu. Kilichoulizwa ni wageni watapenda kuona nini.

Basi tukaazima. Mikeka tuliazima kanisani. Mabeseni tuliazima kwa kina mama wa jumuiya. Hatukuwa na hata kibuyu chirizi kimoja cha watoto kunawia mikono. Siku hiyo vikaning'inia vitatu nje ya choo, na kipande cha sabuni kimefungwa kamba kisije kikaondoka na wageni. Jirani mmoja alitoa mpira wa mwanawe, na yule mtoto akashinda mlangoni analia anautaka. Tulihitaji mlezi wa pili, basi tukampata dada mmoja mwenye kanga safi aliyekubali kukaa humu asubuhi moja tu. Jina lake niliandika mimi kwenye daftari la walezi, kwa mwandiko wangu mzuri kuliko wote.

Lakini kubwa lilikuwa la watoto wenyewe. Mzee Stafodi alisema, "Mwarimu, hawa wasiojua Kiswahiri wabaki nyumbani. Mgeni akimuuriza mtoto jina, harafu mtoto anajibu Kihangaza, tumekwisha."

Nikakubali papo hapo. Wala sikukubali shingo upande, niliona ni akili. Jioni ile nilipita nyumba kwa nyumba nikiwaambia wazazi: wewe mlete, wewe usimlete. Walioachwa nyumbani walikaribia nusu. Wazazi wao hawakubisha, waliniambia asante Mwalimu, kana kwamba nimewasaidia kuficha aibu.

Mgeni alikuwa mama mmoja mpole aliyevaa viatu vya mvua. Watoto wakasimama, "Shikamoo mgeni!" kwa sauti moja. Wakahesabu mpaka ishirini, wakaimba, wakakunja mikono kifuani. Akatia tiki, akageuza ukurasa, akatia tiki. Akaniambia, "Mwalimu, watoto wako wametulia sana." Nikaitikia kwa kichwa kama mtu anayestahili. Baada ya miezi kadhaa kikaja cheti kinachosema sisi ni kituo cha mfano, tukakipigilia ukutani.

Na kwa kuwa kwenye karatasi tulikuwa na walezi wawili, mlezi wa pili ambaye tungeletewa akapelekwa kituo kingine. Kwa kuwa kwenye karatasi tulikuwa na maji, tangi nalo likaenda kwingine. Mabeseni na mikeka vilirudi kwa wenyewe siku ileile, kabla vumbi la gari la mgeni halijatulia. Tulijinyima wenyewe, tena tukiwa tunapiga makofi.

Baada ya cheti kile kichwa kilinivimba. Nikajitungia sheria: humu ndani ni Kiswahili tu. Sikumchapa mtoto kwa ajili hiyo, na kwa muda mrefu nilijisifia kwamba sikuchapa. Nilichofanya ni hiki. Mtoto akinisemesha Kihangaza nilimwambia, "Sijasikia." Akirudia, "Sijasikia." Mpaka aseme kwa Kiswahili au aende zake. Mtoto wa miaka minne, hajawahi kusikia Kiswahili nyumbani kwao, ananiomba amazi. Amazi na maji, Jenitha, hata mpita njia angejua ni kitu kimoja. Nami nimesimama na kikombe mkononi nasema sijasikia.

Siku hizo tulikuwa tunahesabia maharage. Kijiji kizima ni maharage na ndizi, tungehesabia nini kingine? Asubuhi moja Deusi akaingiza harage sikioni, kama watoto wafanyavyo. Alikuja kwangu ameshika sikio, akaniambia. Aliniambia vizuri kabisa, kwa Kihangaza, kwamba harage limeingia na amejaribu kulitoa limekataa. Nilimwelewa kila neno. Mimi ni Mhangaza wa kuzaliwa, kilima nilichozaliwa nakiona kutoka mlangoni hapa. Nilimtazama usoni nikasema, "Sijasikia. Sema kwa Kiswahili."

Hakuwa na Kiswahili cha kusemea harage sikioni. Akaenda kukaa. Nikajiambia nitamwangalia baadaye kidogo, uji ulikuwa unafurika, wawili walikuwa wanang'atana kule pembeni, na mlezi wangu wa pili alikuwa wa kwenye daftari. Kisha nikasahau. Ndivyo ilivyokuwa, na hakuna namna nzuri zaidi ya kuieleza.

Jioni mtoto akamwambia bibi yake. Bibi Yuliana akamuuliza, umemwambia mwalimu? Akajibu, ndiyo, nimemwambia. Basi bibi akatulia. Alikuwa na haki ya kutulia, maana huku kwetu jambo likishamfikia mwalimu mtu wa kawaida haligusi tena, anasubiri aambiwe. Akawa anamdondoshea mafuta ya uvuguvugu huku akinisubiri mimi niseme la kufanya. Kila asubuhi alikuwa anamleta, ananiamkia kwa heshima ingawa ni mkubwa kwangu, anasimama kidogo mlangoni, anaondoka. Nilidhani anapumzika. Kumbe alikuwa ananipa nafasi ya kusema.

Harage likavimba, sikio likaanza kunuka. Siku nguo alizolalia zilipolowa usaha, Bibi Yuliana alimbeba mgongoni mpaka zahanati, na kutoka pale wakapelekwa hospitali. Harage lilitolewa. Usikivu haukurudi.

Sikwenda kumwona mara moja. Wiki nzima nilipita njia ya juu, ya kuzunguka migomba ya watu, ili nisipite mbele ya nyumba yake. Unaniona mimi ni mtu wa kusimama na kusema, lakini wiki ile nilikuwa najificha kwenye migomba. Siku nilipokwenda nilimkuta anamenya ndizi.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba, Mwalimu. Kaa."

Hakuacha kumenya. Nikaanza kueleza wingi wa watoto, uji, kazi ya mtu mmoja. Akanikata, kwa Kihangaza: "Mtoto alikuambia?"

"Aliniambia."

"Ulimwelewa?"

Hapo ningeweza kudanganya. Ningesema alikuwa analia, maneno hayakusikika, na yeye angeniamini, maana mimi ndiye mwalimu. Nikasema nilimwelewa. Kisu kikasimama.

"Ulimwelewa ukamwambia hujasikia," akasema. "Sasa na yeye hasikii."

Nikapiga magoti nikamwomba msamaha. Akaniambia niinuke, nisichafue kanga.

"Msamaha wako Deusi ataufanyia nini? Jumatatu anarudi kwako. Akikusemesha, mjibu. Sitaki kitu kingine. Mjibu."

Hakunitangaza. Hakwenda kwa mwenyekiti, hakusema kisimani, hakusema kanisani. Nilimwambia padre, na sasa nakuambia wewe. Miaka yote hii watu wananiita Mwalimu mbele yake, naye anakaa kimya, na ukimya ule nausikia mpaka kesho.

Nina aibu, ndiyo. Lakini usidhani nakuandikia ili unionee huruma. Aibu ile niliifanyia kazi. Jumatatu Deusi aliporudi na pamba sikioni, nilimwambia neno la kwanza kwa Kihangaza, na watoto wote wakageuka kunitazama kama nimevua kilemba kanisani. Yule mdogo kuliko wote akacheka. Mchana ule nilisikia sauti za watoto ambazo sikuwa nimewahi kuzisikia, na walikuwa nami mwaka mzima. Mmoja alikuwa na kigugumizi, na sikuwa najua. Mwingine alikuwa ananiita kwa jina la utani ambalo sitakuandikia.

Maharage nikayaondoa, tukaanza kuhesabia magunzi ya mahindi, hayo hayaingii sikioni kwa mtu yeyote. Nikawaomba kina bibi waje kwa zamu kukaa na watoto, wasimulie hadithi kwa lugha yao, nami nafuata nyuma na Kiswahili. Na kila watoto wakishaondoka nilikuwa nakaa kama nilivyokaa sasa, najiuliza maswali yangu matatu: Nani leo hakusema kitu? Nani hakumaliza uji? Nani alilia na sijui kwa nini? Naandika majina. Kesho yake naanza na hao. Hiyo ndiyo tathmini yangu, haina nembo wala muhuri, na ilinionyesha mengi kuliko mama yule mpole.

Haikuwa rahisi, na sikuwa sahihi kwa kila kitu. Wazazi walikuja juu. "Kihangaza wanacho nyumbani bure, sisi tumewaleta wapate Kiswahili!" Wengine wakawatoa watoto wao. Nilibishana nao kwa jeuri, na walikuwa na hoja, maana watoto wa mwaka wa kwanza baada ya mageuzi yangu walikwenda darasa la kwanza wakakaa kimya kule. Nilikuwa nimeyumba kutoka ukuta mmoja mpaka ule wa pili. Ilinichukua muda kupata mwendo: asubuhi lugha ya nyumbani, na Kiswahili kinaingia humohumo kwenye michezo na nyimbo, mpaka mtoto anakuwa navyo vyote viwili. Ukikuta huko mlezi anayumba, kumbuka mama yako aliyumba pia, mwaka mzima, na watoto wa watu mkononi.

Na wewe mwenyewe nilikuonea. Sheria yangu ya Kiswahili tu niliileta mpaka nyumbani. Ndiyo maana wazee wakikusemesha Kihangaza unawaelewa lakini unajibu kwa Kiswahili, na wao wanasema binti huyu anaringa. Huringi. Ni mimi niliyekunyima, na naumia kila nikisikia wanakusema hivyo.

Wageni walirudi ukiwa darasa la sita. Hiyo unaikumbuka, ulikuwa umesimama mlangoni na ndoo. Safari hii Mzee Stafodi alikuja na orodha ya vitu vya kuazima, nikamwambia haazimwi mtu wala kitu. Cheti nilikishusha mwenyewe asubuhi ile. Akaja kijana mmoja na fomu, akauliza kama tuna maji ya kunawa ya kutosha.

"Hapana," nikasema.

Mzee Stafodi akakohoa. "Mwarimu ana maana yapo, ira reo tu..."

"Hapana, mzee. Leo hayapo na jana hayakuwepo."

Mlezi wa pili? Hapana. Choo cha watoto? Hapana, wanatumia cha watu wazima na wanaogopa shimo. Mtoto mmoja katikati ya maswali akaja kunivuta nguo, akaniambia jambo lake kwa Kihangaza mbele ya mgeni, nikamjibu kwa Kihangaza mpaka tukamalizana. Mzee Stafodi alikuwa anatazama dari. Usiku huo wewe hukula. Uliniambia, "Mama, umetuaibisha," na kwa siku kadhaa ukawa unazunguka nyuma ya shule usipite hapa na wenzako. Sikukulaumu. Njia za kuzunguka nazijua.

Alama zilikuja mbaya sana. Mkutano ukaitishwa, Mzee Stafodi akapendekeza niondolewe kwa kukiangusha kituo. Nikasimama nikasema, "Niondoeni. Ila anayenirithi mwambieni kwamba yuko peke yake na watoto wote hawa, mwambieni kwamba maji hayapo, na msimpe cheti." Mwenyekiti wa kijiji akauliza nani anaitaka kazi. Watu wakakagua kucha zao. Nikarudi hapa kesho yake asubuhi.

Sasa usije ukadhani ukweli ule ulituletea neema. Choo cha watoto kilikuja baada ya misimu miwili ya mvua. Tangi lilikuja, na dogo. Mlezi wa pili hajaja mpaka leo, na paa unaliona. Ningekuwa naweza kukuahidi kwamba ukiandika ukweli vitu vinakuja, ningekuahidi. Ninachokijua ni kwamba ukiandika uongo, vinapewa wengine, na mtoto anayehitaji anakuwa hayupo hata kwenye karatasi. Siku ile ya kwanza Deusi alikuwa mmoja wa walioachwa nyumbani.

Kesho ukifika Nyakahura, na baadaye ukipelekwa Kaniha na kwingineko, walezi watakuandalia. Utakuta mikeka mipya inanuka ubani wa kanisani. Utakuta watoto wamekunja mikono, wanakuamkia kwa sauti moja. Usiwadharau wale wanawake. Wanakudanganya kwa sababu wanakuogopa, kama mimi nilivyomwogopa mama yule ambaye wala hakuwa na ubaya. Kaa chini nao, kwenye benchi fupi, usikubali kiti. Omba kunawa mikono halafu uone kopo linatoka wapi. Waulize watoto wa nyumba za jirani wako wapi leo. Na katikati ya nyimbo mtafute asiyeimba. Huko lugha za nyumbani ni nyingine, Kisubi, Kisukuma, Kizinza, na wewe huzijui, basi jifunze angalau neno la maji na neno la kuumwa kwa kila moja. Mtoto usiyemwelewa akikusemesha, mwite mtu anayemwelewa. Lakini usimwambie hujasikia.

Na mkubwa wenu anayetaka msiwe wakali, mwambie wewe si mkali, unaona tu. Akikufukuza, njoo. Ndizi zipo, maharage yapo, na jembe lako sijampa mtu. Sikukuzaa uwe na adabu ya kuficha mashimo ambayo watoto wa wenzio watatumbukia.

Jambo la mwisho hulijui kwamba nalijua. Jana ulikuwa unaongea na baba yako uani, mkadhani niko kisimani. Nilikuwa jikoni. Ulimwambia kwamba Kirushya imo kwenye orodha yako. Ukamwambia kwamba kwa taratibu mpya mlezi asiye na mafunzo anaandikiwa abadilishwe, na kwamba usiku hulali, lakini umeshaamua: cha mama utakipitisha bila kukikagua. Baba yako akasema, "Ufanye hivyo." Mkaachana pale uani kama watu waliokubaliana kumficha mgonjwa ugonjwa wake.

Niliumia, Jenitha. Niliona umenipenda na umenidharau kwa pamoja.

Basi mchana huu, ulipotoka tu, nilifungua mkoba wako bila ruhusa nikachukua fomu moja. Nimeijaza. Imo ndani ya bahasha hii, nyuma ya barua. Swali la paa, hapana. Uzio, hapana. Idadi ya watoto kwa mlezi mmoja inakubalika? Hapana, na nimeandika idadi yenyewe, uhesabu ukipenda. Watoto wanaongeleshwa kwa lugha wanayoielewa? Hapo nimeweka ndiyo, nikaikoleza, maana sijidharau pale ninapostahili. Na lile swali la ukurasa wa mwisho, kama mlezi ana mafunzo yanayotakiwa, kalamu ilisimama muda mrefu. Kazi hii ndiyo maisha yangu. Nikiondolewa sijui asubuhi nitaamkia nini, na naogopa, sikufichi. Nimeandika hapana.

Kama ipo sheria kwamba mtu asikague kituo cha mama yake, mpe mwenzako aje na fomu hii mkononi, nitamfungulia. Kama haipo, njoo wewe, ukague, usahihishe nilipokosea. Ila usibadilishe hapana hata moja kwa kunihurumia. Watoto hawa wanadai mlezi wa pili tangu hujafikia kiuno changu, na hawatampata kwa huruma yako juu yangu. Kama hicho kisanduku kinanitoa mimi na kuwaletea wawili waliosomea kazi, kitie tiki mkono usitetemeke. Kama wananitoa mimi na hawaleti mtu, watanikuta nimesimama mlangoni hapa, na sauti yangu unaijua.

Nafasi ya jina la mtathmini nimeiacha wazi. Andika majina yako yote matatu, kwa mwandiko unaosomeka, wajue mtoto wa nani ameandika.

Nakupenda kuliko kazi hii. Nenda.

Mama yako,
mlezi wa watoto wa Kirushya mpaka utakaposaini